Kasha la Maneno: shajara ya mradi wangu, Lamu

3 Juni

Naandika tarehe ili nisije nikajidai baadaye kwamba nilianza mapema. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nafanya SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani. Kituo changu kiko Mombasa. Hesabu sina ugomvi nazo. Kiingereza ndicho kilichonikaa kooni, na si kile cha kumwelekeza mgeni njia ya Shela, hicho ninacho. Ni kile cha vitabuni, chenye maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyatamka kwa mdomo wake.

Mpango: maneno 1,000. Kumi kwa siku ni siku mia, na bado nabakiwa na siku ishirini hivi za akiba. Nina kitabu kizito cha mitumba alichonipa mtoto wa shangazi, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai, nyuma kina orodha ndefu kutoka A hadi Z. Leo: abase, abate, abdicate, aberration, abhor, abject, abjure, abnegate, abrogate, abscond. Mama amepita nyuma yangu, ametupa jicho daftarini, akauliza kama hayo ni majina ya dawa.

14 Juni

Maneno 120 daftarini. Nimempa mdogo wangu daftari anisaili. Nimepata 31. Ya jana nayakumbuka, ya juzi yanafifia, ya wiki jana yamekwenda na maji. Abjure na abrogate nimeyachanganya mara nne, mtoto akaanza kunionea huruma.

27 Juni

Kitabu changu ni maiti.

Mtoto wa shangazi amerudi kutoka Nairobi, ameniachia laptopu yake nitumie usiku. Nimepakua Bluebook, programu ambayo mtihani wenyewe hufanyiwa, nikafungua jaribio la bure. Nilikuwa nikingoja yale maswali ya ulinganisho niliyoyafanyia mazoezi wiki mbili: neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi. Hakuna hata moja. Nimekwenda kutafuta, kumbe yaliondolewa 2005. Maswali ya kutaja kinyume cha neno yalikufa hata kabla, 1994. Kujaza sentensi kwa mtindo wa kitabu changu kuliondoka 2016, na mwaka huohuo wakaacha kukata robo alama kwa jibu la kosa. Kitabu kinanionya kwa herufi nzito nisikisie, niache pengo wazi. Ningekifuata ningekuwa naacha alama mezani kwa adabu.

Basi mtihani ulivyo sasa, niuandike hapa mara moja nisirudie tena. Tangu Machi 2023 sisi wa nje ya Marekani tunaufanya kwa kompyuta. Sehemu ya Kiingereza ina maswali 54 kwa dakika 64, imekatwa mapande mawili ya maswali 27. Ukifanya vizuri pande la kwanza, la pili linakujia gumu zaidi, na huko kwenye ugumu ndiko ziliko alama za juu. Vifungu ni vifupi mno, maneno 25 hadi 150, kila kifungu na swali lake. Na kila pande hufunguliwa na maswali ya msamiati: kifungu, pengo, maneno manne, chagua linaloingia sawasawa. Yaani mlango wa nyumba ndio hasa unaonishinda.

Nimepata 520 kati ya 800.

Sina wa kumlaumu. Kitabu kimeandikwa mwaka wake ukurasa wa pili, ningeweza kuangalia.

8 Julai

Kusi linavuma, boti za Mokowe zinaruka, Ami hakwenda bara, kwa hiyo nimempata karakanani. Nilimwomba anitengenezee kasha la vyumba vitano kwa vipande vya msaji vilivyobaki kwenye mlango wa mtu. Amenitengenezea, na mbele akatia nakshi ambayo sikumwomba. "Kitu cha Amu hakitoki kavu," amesema. Amu ndiyo Lamu.

Kasha ni la kadi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akachapisha matokeo yake 1885: tunachojifunza hutoka upesi sana mwanzoni, kisha kinachobaki hutoka polepole. Ukikirudia karibu na kukisahau, kinakaa muda mrefu zaidi kuliko ukikirudia mara kumi siku moja. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, ndiye aliyeeneza njia ya kasha miaka ya 1970. Chumba cha kwanza nakipitia kila siku. Cha pili kila siku mbili. Cha tatu kila siku nne, cha nne kila wiki, cha tano kila wiki mbili. Kadi niliyoijua inasogea mbele. Niliyoikosa, hata ikiwa imeshafika cha tano, inarudi cha kwanza pamoja na wageni. Hilo la mwisho linauma na ndilo linalofanya kazi.

Kadi zenyewe ni maboksi ya sabuni na majani ya chai, nimeyakata ukubwa wa kiganja. Nyuma ya kila moja naandika maana kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Kamusi inaniambia abate ni subside, nikitafuta subside naambiwa abate. Upepo kutulia, basi, kwisha.

19 Julai

Hii ndiyo siku ya mradi huu mpaka sasa, nitaandika kwa urefu.

Nilikuwa nimekaa dakani, kibarazani mwa nyumba, na kasha, Maalim aliyenisomesha chuo cha Kurani nikiwa mdogo akapita anatoka swala ya alasiri. Akaketi, akachukua kadi moja, akaigeuza, akauliza: "Haya ndiyo mnavyosomeshwa? Moja moja kama kuokota kombe?" Nikamwambia Kiingereza ndivyo kilivyo, Maalim, hakina mpango. Akasema hakuna lugha isiyo na nasaba. "Kataba, kuandika kwa Kiarabu. Nipe watoto wake kwa Kiswahili."

Nikampa kitabu, katibu, maktaba, mkutubi. Nikaongeza kutubu. Akacheka mpaka akakohoa: kutubu ni nyumba nyingine kabisa, ile ya toba. Akaendelea. Hukumu, hakimu, mahakama, na hekima pia imo. Safari, msafiri, msafara. Elimu, mwalimu, mtaalamu, na hata hizo alama unazozililia. Amini, imani, amana, amani, mwaminifu. "Mtoto wa chuoni akishika herufi tatu za mzizi, neno jipya linamjia akiwa tayari amewahi kuonana na babake. Watafute mababa wa haya."

Usiku nimetafuta. Maneno magumu ya Kiingereza, mengi yake si ya Kiingereza. Ni ya Kilatini na Kigiriki, mengine yameingia kwa mlango wa Kifaransa baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza 1066. Maneno ya nyumbani na shambani yalibaki ya wenyeji, ya mahakamani na kasri yakawa ya wageni. Sisi tunalijua hilo bila kusoma: mtu wa kawaida anakufa, kwenye tangazo la redio anafariki.

Baba wa kwanza niliyemkamata ni cred, kuamini. Credible, credulous, incredulous, credence, discredit. Matano kwa mpigo. Na humo humo kuna mtego ambao ungenila kama si Maalim. Credible ni wa kuaminika, credulous ni anayeamini kila aambiwalo. Hiyo ni tofauti ileile ya mwaminifu na muumini: wote wawili wametoka kwa amini, lakini mmoja anaaminiwa na mwingine anaamini. Huwezi kumkabidhi kila muumini duka lako.

Wa pili, loqu, kusema: eloquent, loquacious, colloquial, circumlocution. Hili la mwisho ni kuzunguka kwa maneno, kama mshenga anayeanzia habari za mvua. Wa tatu, vol, kutaka: volition, voluntary, benevolent, malevolent.

Baada ya isha nimemrudia Maalim kumwonyesha, naye hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama hao Waingereza hawakukopa kwetu. Wamekopa. Monsoon yao ni msimu wetu, sote tumechukua mausim ya Kiarabu, wao kwa kupitia Wareno. Zero na cipher ni sifuri. Magazine ni ndugu wa hazina, kwani hapo mwanzo ilikuwa ghala. Tariff ni taarifa. Admiral ana amiri ndani yake. Hayo sita hayatanipa alama hata moja Oktoba, nayaandika kwa sababu yamenifurahisha.

20 Julai

Nimezipanga upya kadi zote kwa koo, kila mzizi na watoto wake. Herufi ya alfabeti haina kazi tena.

2 Agosti

Nilijua raha ile haitadumu. Leo nimekutana na malleable, sijawahi kuiona, nikasema kwa kifua: mal ni ubaya, basi ni kitu kibaya. Si hivyo. Ni laini, chenye kukubali kufinyangwa, na baba yake ni malleus, nyundo: chuma kinachogongwa kikakubali umbo. (Watu wa Malindi wafurahi pia, mal yao si lazima iwe ubaya.)

Kosa hilo Waswahili tumelifanya kwa karne na hatujambo. Kitabu tumekisikia kina ki mbele tukadhani ni ki ile ya kiti, tukasema vitabu. Mwarabu anakaa anatutazama, K yake ya msingi tumeifanya kiambishi. Sisi tumelimiliki neno, tuna ruhusa. Mimi mbele ya mtihani sina. Kanuni mpya nyuma ya kasha, kwa kalamu nyekundu: mzizi unanipa dhana, sentensi ndiyo inayothibitisha.

11 Agosti

Bibi amenikuta nimeinamia kasha tangu asubuhi. "Ndoo ule kwanda. Mato yatakutoka."

Nimekula samaki wa nazi huku nikiwaza mato. Shuleni ni macho, nyumbani, kwa Kiamu, lahaja yetu, ni mato. Mchele, mtele. Kucheka, kuteka. Njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Maji ni mai, na mji ni mui, ndiyo maana barabara yetu kubwa ni Usita wa Mui. Hakuna aliyetufundisha, lakini kila mtoto wa hapa akienda darasani anageuza t kuwa ch bila kufikiri, na anajua pa kusimama: hakuna anayemwita mtoto mchocho.

Kilatini na Kiingereza nacho kina mambo hayahaya, na aliyeyapanga kwa kanuni mwaka 1822 ni Jacob Grimm, yule wa hadithi za kale. P ya Kilatini ni f ya Kiingereza: pater, father, pisc, fish, ped, foot. D ni t: dent, tooth; duo, two; decem, ten. K ni h: cord, heart, cent, hundred, corn, horn. Yaani Kilatini ni Kiamu cha Kiingereza, au tuseme hawa ni ndugu waliotengana zamani. Maalim asisikie, atasema nimepindua mambo.

Faida yake si ya mapambo. Nikijua ped ni foot, impede inafunguka: kumtia mtu kitu miguuni. Na expedite ni kinyume chake, kuitoa miguu kwenye pingu, yaani kuharakisha. Nimekosa maneno haya mawili mara tano tangu Juni. Leo nimemwona punda aliyefungwa miguu ya mbele anaruka-ruka pale uwanjani mbele ya Ngome, nikamwonea imani, na sitayakosa tena. Cord, moyo: cordial, accord, discord, concord. Nyoyo kukubaliana, nyoyo kutengana.

Kadi 290.

25 Agosti

Jaribio la pili. Nilifanyia maktabani, ndani ya Ngome, palikuwa na utulivu wa kutosha. (Jengo hilo lilikuwa jela hadi 1984, na baada ya dakika 64 unaelewa.) Nimepata 590.

Sikufurahi kama nilivyotarajia, kwa sababu maswali ya msamiati nimekosa sita, nikayapitia moja moja. Maneno nisiyoyajua yalikuwa mawili tu. Manne nilikuwa nayajua tangu darasa la sita. Check, ambayo hapo haikuwa kukagua, ilikuwa kuzuia. Novel, ambayo haikuwa riwaya, ilikuwa jambo jipya. Qualify, ambayo haikuwa kufuzu. Mwandishi ali-qualify dai lake, yaani alilipunguza makali, alilitilia mipaka. Na sanction.

Hili la sanction lilinitia hasira. Maana moja ni kuruhusu rasmi, nyingine ni kuadhibu. Neno gani linakwenda mashariki na magharibi kwa wakati mmoja? Nikamlalamikia mdogo wangu, naye akaniambia anataka kuniazima kalamu. Nikasimama hapo hapo. Kuazima! Nimemwazima kalamu: nimempa au nimechukua kwake? Kwetu ni yote mawili na hakuna aliyewahi kupotea, kwa sababu tunamtazama nani kashika kalamu. Basi sanction nayo nimtazame nani kashika nini.

Mzigo umehamia upande mwingine. Nimekuwa nikiwinda wageni wenye vilemba na walionipiga ni majirani. Nimeanzisha rangi mpya ya kadi, boksi la biskuti, kwa maneno ya kawaida yenye maana ya pili: champion kama kitenzi, kutetea, appreciate, thamani kupanda, conservative ya makadirio, ya tahadhari, plastic, chenye kufinyangika, economy ya maneno, kutotapanya. Kila kadi ina sentensi nzima.

Na shabaha ya maneno 1,000 naifuta leo. 600 yanatosha, mradi yawe yangu.

7 Septemba

Njia ya kufanyia pengo, baada ya kujaribu tatu: nafunika majibu manne kwa kiganja. Nasoma kifungu. Natafuta neno la kugeuza, although, nevertheless, while, yaani ingawa, hata hivyo, ilhali. Au la kuendeleza, indeed, likewise. Halafu najaza pengo kwa Kiswahili, neno lolote la nyumbani. Ndipo nafunua.

Mfano nilioutunga mwenyewe kwa mazoezi: kwa miaka mingi wanasayansi waliikubali nadharia fulani, lakini mifupa mipya iliyofukuliwa ime-pengo nadharia hiyo. Nimejaza "imeitikisa". Nimefunua: corroborated, undermined, replicated, anticipated. Undermined, bila kusita. Hilo ni kufukua chini ya ukuta mpaka uanguke, na ukitaka kuliona nenda ukuta wa bahari maji makuu yanapokuja. Corroborate ni kulitia jambo nguvu kwa ushahidi. Mzizi wake, robur, ni mti mgumu. Ami angesema msaji.

Ukianza kwa kusoma majibu, yote manne yanaanza kupendeza. Hivyo tu.

Muda: dakika 32 kwa maswali 27 ni kama sekunde 71 kwa swali. Ya maneno nayafanya kwa 40, ninaweka akiba kwa vifungu vya mashairi ya karne ya 19, ambavyo kusema kweli bado vinanitesa.

19 Septemba

Stima imepotea katikati ya jaribio la tatu, na intaneti ikaenda nayo. Nilidhani kila kitu kimepotea. Kumbe programu inahitaji mtandao wakati wa kuanza na wa kutuma majibu. Katikati unaendelea tu, kazi inahifadhiwa. Nimemaliza kwa betri, taa ya chemni pembeni. 640.

Kadi 571. Chumba cha tano kimejaa hadi nakshi ya Ami inasukumwa.

Kwa siku nne sikugusa kasha, kulikuwa na harusi mtaani na nilikuwa miongoni mwa wapishi. Chumba cha kwanza kimenilipiza: kadi 63 kwa mkupuo.

2 Oktoba

Kesho safari: boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Nalala kwa shangazi, Jumamosi nipo kituoni.

Kasha siendi nalo. Nimetoa kadi 17 zilizobaki chumba cha kwanza, nimezifunga kwa mpira wa nywele. Tenuous imo, tangu Julai haijawahi kuvuka chumba cha pili. Equivocal imo pia, ingawa nawajua mababa zake wote wawili, sawa na sauti. Kuna nyingine nimeitia mwenyewe makusudi ingawa ilikuwa chumba cha tano.

Bibi amekuja na chupa ya chai, akaichomoa hiyo ya juu. Hasomi Kiingereza. "Hii nini?"

"Expedite, Bibi. Kumfungua punda miguu."

Akaitazama kidogo, akanirudishia. "Basi lala. Boti haingoji mtu."

Inaondoka gatini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Laptopu ina chaji 96.